Siku Moja Maishani Mwangu: Zimebaki Siku 12 Tuondoke

Saa 11 alfajiri. Maombi ya timu ni kwa simu. Tuko tisa, timu ya kanisa inayojiandaa kwa safari ya misheni nje ya nchi, na kama kawaida wawili wamesahau kuzima maiki, basi tunaomba huku mtoto wa mmoja wetu akilia. Zamu ya leo ni ya mkubwa wetu kwa umri, sote tunamwita Mama. Amesoma Matendo 13: kanisa la Antiokia linafunga na kuomba, linawawekea mikono Barnaba na Sauli, linawaaga. Mistari hiyo ya mwanzo wahubiri wa misheni wanaipenda sana. Mimi mratibu wa safari huwa nakwama mstari wa 13, pale Yohana aliyeitwa Marko anapowaacha wenzake Perge na kurudi Yerusalemu. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, hasemi alirudi kwa nini. Ndiyo maana katika faili langu mna ukurasa wa mtu atakayelazimika kurudi mapema: nani atamsindikiza, nauli itatoka mfuko gani. Nilipouandika, wenzangu wawili walidhani nimepungukiwa na imani.

Saa 2 asubuhi. Pasipoti tisa mezani. Nazikagua kwa mara ya tatu: nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi 6, na tulishamrudisha kijana mmoja akabadilishe yake. Hiyo mpya imefika. Naiweka kando ya tiketi yake na tumbo linanikata. Kwenye tiketi nimeandika Yohana. Kanisani tangu abatizwe ni Yohana, hata mama yake humwita hivyo. Pasipoti haimjui Yohana yeyote. Kosa ni langu, nilijaza fomu kwa mazoea. Nampigia wakala wa tiketi, anaguna, anasema herufi moja ingerekebishwa hapohapo, ila jina zima lazima aombe kibali cha shirika la ndege. Nasubiri.

Saa 4 asubuhi. Kliniki ya chanjo, na dada mhasibu wetu. Amekuwa akiahirisha kwa kuogopa sindano. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, na sisi tumebakiza 12, kwa hiyo hakuna kesho nyingi za kuchezea. Nesi anamdunga kabla hajamaliza kukunja uso. Mama naye amekuja na kadi yake ya mwaka 2009, ana wasiwasi kwamba imeandikwa mwisho 2019. Nesi anamtuliza: tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha, hata za zamani. Kuhusu malaria, anatukumbusha kwamba mwenye kutumia dawa ya doksisaiklini kujikinga ataendelea kuimeza wiki 4 baada ya kurudi. Hapo ndipo wengi huacha, wakishafika nyumbani salama.

Saa 6 mchana. Jumatatu timu hufunga, kwa hiyo hakuna chakula cha kusimulia. Nampigia mchungaji mwenyeji, wa kanisa litakalotupokea. Nina orodha ndefu: mikutano mitatu ya hadhara, vipaza sauti, mabegi manne ya nguo. Ananisikiliza mpaka mwisho, kisha ananyamaza kidogo.

"Ndugu yangu," anasema, "nguo tunazo."

Nataka kucheka, nashindwa. Anaeleza taratibu kwamba mabegi yale yatakaa forodhani, na atakayekwenda kuyakomboa ni yeye, kwa fedha ya kanisa lake. Mikutano ya hadhara huhitaji kibali, na sisi tukishapanda ndege, atakayeitwa kuhojiwa ni yeye tena. Anachoomba ni kimoja: ana walimu 11 wa shule ya Jumapili ambao hawajawahi kufundishwa namna ya kufundisha. Tukae nao siku 4. Basi.

Miezi mitano tumeandaa safari na swali hili hatukumuuliza vizuri. Tulikuwa tunamwambia tunakuja na nini, naye, kwa adabu, alikuwa anatushukuru.

Saa 9 alasiri. Mazoezi ya ushuhuda kupitia mkalimani. Dakika 10 za ushuhuda huwa 20 zikitafsiriwa, kwa hiyo kila mtu anatakiwa kupunguza nusu, na hakuna anayekubali kwamba nusu yake ndiyo ya kukata. Mkalimani yuko kwenye simu, Kiswahili alijifunza ukubwani. Yohana anaanza kwa moto: "Nikapigwa na butwaa!" Kimya. Kisha mkalimani anauliza kwa huruma, "Pole sana. Butwaa ni nani?"

Tumecheka mpaka Mama akatoa leso. Lakini somo limeingia: sentensi fupi, wazo moja, kisha nyamaza umwachie mwenzako nafasi. Misemo yetu mitamu ibaki nyumbani. Na maneno ya kanisani pia. Jaribu kumweleza mtu asiyewahi kukanyaga kanisani maana ya "nimefunguliwa" bila kutaja jela.

Saa 12 jioni. Kikao. Nawaeleza aliyosema mchungaji. Aliyekusanya nguo anaumia waziwazi, na ana haki. Amebisha hodi nyumba nyingi. Tunakubaliana nguo zigawiwe hapahapa kwa wenye shida, na fedha ya mizigo ya ziada inunue vitabu na karatasi kule kule tuendako.

Mmoja anapendekeza tujaze viza ya utalii, eti ni ya haraka. Hapana. Barua ya mwaliko inasema tunakwenda kufundisha kanisani, fomu itasema hivyohivyo. Mahali pengi kufanya huduma ya dini kwa viza ya matembezi ni kuvunja sheria, na siwezi kuomba baraka juu ya fomu ya uongo.

Kuhusu picha: hakuna kupiga picha ya mtoto bila ruhusa ya mzazi, hakuna kumrusha mtandaoni kamwe. Hakuna aliyebisha, ila vijana wawili waliangaliana.

Saa 2 usiku. Mizani. Kilo 23 kwa begi moja la chini. Pawabenki ziende begi la mkononi, maana betri za namna hiyo haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini ya ndege. Begi langu lina kilo 26. Ndani mna vitabu vinne vya mahubiri niliyopanga kuyatoa. Navitoa vyote vinne.

Wakala ananijulisha: jina limekubaliwa.

Saa 4 usiku. Nimeshazima taa ndipo ujumbe wa mzee wetu wa kanisa unaingia. Ameisoma tiketi yake: Jumamosi, 00:40. Anauliza tukutane kiwanja cha ndege Jumamosi saa ngapi jioni.

Nakaa kitandani. Namwandikia: Baba, hiyo ni saa 6 na dakika 40 usiku wa kuamkia Jumamosi. Tunatoka nyumbani Ijumaa.

Anajibu papo hapo: "Kumbe. Mimi nimeshawaambia na wenzangu watatu."