Viboksi vya karatasi ya uji

Karatasi za kufungia zawadi za dukani mi nilishaachana nazo, zile zinazong'aa ukizikunja tu rangi inapasuka kwenye mkunjo unabaki mstari mweupe, afu mtaa mzima mna maua yaleyale. Sa hivi napaka mwenyewe kwa uji. Ndio, uji, ila wa ngano na hauna sukari.

Unga vijiko vikubwa 6, maji vikombe 3. Anza na maji baridi kidogo uvunje mabonge ndo ubandike jikoni, koroga bila kuacha mpaka uwe mzito kama mtindi, upoe, kisha chuja kwa chujio la chai maana bonge moja tu likibaki linakuchorea mstari hukuuomba. Gawa kwenye vikopo utie rangi ya maji. Karatasi ilowanishe na sponji kwanza la sivyo inajikunja yote, paka uji kwa brashi pana, na kabla haujakauka pitisha uma, vidole, kipande cha boksi ulichokikata meno, chochote. Chanuo la meno ya karibu silipendi, mistari inabanana mno, la afro ndo mpango mzima. Zikikauka zibane chini ya vitabu zinyooke.

Kazi yenyewe ya zamani hii, kina dada wa kanisa la Moravian kule Herrnhut, Ujerumani, walikuwa wanatengeneza karatasi za hivi karne ya 18 na watu wanafunikia vitabu. Moravian haohao waliofika Rungwe, Mbeya, 1891, kwa hiyo watu wa Tukuyu msinione mgeni.

Haya, kiboksi. Nakunja ule mtindo wa Kijapani unaitwa masu, hautaki gundi: mraba, pembe 4 zikutane katikati, halafu kila upande uje mpaka katikati uweke alama, fungua pembe mbili zinazotazamana, simamisha kuta, zile pembe zirudi ndani. Mraba wa sentimita 20 unakupa kiboksi cha 7 kwa 7, kimo 3 na nusu hivi. Hicho ndo mfuniko; cha chini kunja hivyohivyo ila kata 19.5 ili mfuniko ushuke bila ugomvi.

Sasa hapa ndo wengi wanapoteza rangi bure. Juu ya mfuniko inaonekana thumni tu ya karatasi, kuta zinachukua robo, iliyobaki yote inaingia ndani! Tena inakaa mshazari, yaani mistari uliyoivuta sambamba na ukingo itakutokea imelala upande. Kwa hiyo kama una ua lako, liweke katikati kabisa. Watu watakwambia pembeni usijichoshe, mi pembeni ndo natia nyekundu kali, maana zile ncha 4 zinakutana sakafuni mwa kiboksi na mtu akifungua lazima aseme kitu.

Uji uliobaki weka friji, ukianza kunuka mwaga. Na kiboksi usikiweke kabati la jikoni bana, ngano ni ngano tu, mende hawajali umeipaka rangi gani.