Rufiji: mpunga bondeni, mgono mtoni

Ukitaka kumpa kazi mwenyeji wa bonde la Rufiji, muulize anafanya kazi gani. Mzee aliyenipokea kule bondeni, chini ya Ikwiriri, alinyamaza kidogo, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole: mpunga, mahindi ya mlao, yaani yale yanayopandwa kwenye tope maji ya mafuriko yakishapungua, kunde, ufuta kidogo huko juu, mikorosho aliyoachiwa na baba yake, migono ya kutegea samaki, na wavu mmoja uliotoboka. Vidole vilipomwishia akanitazama. "Sasa mjukuu wangu, wewe hapo andika unachotaka."

Nilikuwa nimetoka Dar asubuhi. Mabasi ya njia ya kusini hupakia Mbagala Rangi Tatu, na ukishavuka Mkuranga ni mikorosho, minazi na maembe mpaka Bungu, Kibiti, halafu Ikwiriri. Wengi huipita Ikwiriri wakiwa wamelala. Wakiamka wako Daraja la Mkapa, karibu kilomita nzima ya zege juu ya mto, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo ilikuwa foleni ya kivuko, na mvua ikikolea, Lindi na Mtwara zilikuwa kama nchi nyingine.

Mimi nilishuka Ikwiriri. Bodaboda ilinifikisha ilipoishia njia, kisha miguu, kisha mtumbwi. Kijana aliyenivusha alisimama nyuma na upondo wake, akiusukuma mtumbwi bila haraka, akanionya nisitie mkono majini. Mamba wa Rufiji hawahitaji kutangazwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa Juni. Masika yalikwisha, kipupwe kilishaanza, na bonde zima lilikuwa na rangi mbili: manjano ya mpunga ambao haujavunwa na weusi wa tope ambalo maji yalikuwa yametoka kuliacha. Juu ya manjano hayo yalisimama madungu.

Dungu nilikuwa nikilisikia tu. Nilidhani ni kibanda cha mlinzi, mahali pa kukaa saa mbili tatu. Kumbe ni nyumba. Lile la Babu, yule mzee wa vidole, lilikuwa na nguzo nene zilizofukiwa ardhini, ngazi ya miti iliyofungwa kwa kamba, na sakafu ya fito zilizobanana, juu yake wakakandika udongo ili moto uweze kukokwa bila kuunguza nyumba. Pembeni mafiga, sufuria mbili, mkeka, chandarua, redio ndogo. Maji yakipanda hupita chini ya sakafu na watu wanaendelea kupika. Kutoka dungu lile kamba zilikwenda shambani pande zote, zimetundikwa makopo. Bibi wa pale, bila kuacha kuchambua kunde, alikuwa akivuta moja kwa kidole cha mguu kila aliposikia ndege. Makopo yanalia, ndege wanaruka, kidole kinarudi mahali pake.

Familia huhamia huku tangu mbegu zinapotiwa ardhini mpaka gunia la mwisho. Zamani haikuwa lazima kuhama, kwa sababu watu waliishi humuhumu bondeni. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 serikali iliwahamishia nyanda za juu, katika mpango ulioitwa Operesheni Rufiji. Barabara, shule na zahanati vikawa huko juu. Udongo mzuri ukabaki huku chini. Tangu hapo mtu wa Rufiji ana makazi mawili, na dungu ndilo linaloyaunganisha.

Usiku kazi si ndege tena. Ni nguruwe pori, na wakati mwingine kiboko, ambaye akiingia shambani hali tu, bali anakanyaga. Nilimuuliza Babu kuhusu uwindaji. Alicheka. Baba yake alikuwa na upinde na mitego, na nyama ya porini ilikuwa kitoweo cha kawaida. Siku hizi ukiwinda bila kibali ni kesi, na upande wa magharibi ardhi yote kubwa ilikuwa Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake mwaka 2019 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Uwindaji uliobaki ni wa kulinda shamba. Nguruwe akiuawa huachwa palepale au hufukiwa. Huku ni nchi ya Waislamu, hakuna wa kumla.

Nguruwe huyo ana deni kubwa zaidi ya mpunga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba Tanzania tangu 1990, wengi wao kusini mashariki, hasa msimu wa mavuno. Simba humfuata nguruwe, nguruwe hufuata shamba, na shambani kuna mtu amelala kwenye kibanda akilinda. Wilaya ya Rufiji yenyewe ilipoteza makumi ya watu kabla simba mmoja hajapigwa risasi mwaka 2004. Nilipolala dunguni sikuuliza tena kwa nini ngazi inapandishwa juu usiku.

Asubuhi niliwafuata akina mama kuvuna. Hawakati shina zima. Wanakata suke moja moja kwa kisu kidogo kinachofichwa kiganjani, wanajaza mkono, wanatupa kikapuni. Nilijaribu nikaachwa nyuma na binti wa shule ya msingi. Unaweza kusema ni njia ya polepole, na maofisa kilimo wamelisema hilo miaka mingi, lakini mpunga wa hapa hauivi kwa pamoja: suke lililoiva linatoka leo, bichi linasubiri.

Upande wa pili wa shamba lilelile, kwenye tope jeusi, ndipo nilipouona mlao. Babu alitangulia na kijiti, anatoboa shimo, mjukuu wake anadondosha punje za mahindi, anafukia kwa kisigino, hatua, tena. Hawalimi. Hawasubiri mvua. Mahindi yatashusha mizizi kufuata unyevu unavyozama, na kunde na maboga yatatambaa katikati. Ndiyo maana mafuriko huku hayaogopwi kama mjini tunavyodhani. Yakija ya kiasi, mpunga unapona. Yakija makubwa, mpunga unakwenda na maji, lakini mlao unakuwa mnono na maziwa ya bondeni, akina Utunge na Ruwe, yanajaa upya samaki. Mwaka wa kuogopwa ni ule ambao mto haukutoka kabisa.

Samaki wenyewe hutegwa wakati maji yanaporudi mtoni. Mgono ni tenga refu la fito, mdomo mpana, na ndani yake koo la fito zilizochongoka zinazoelekea ndani: perege anaingia, kutoka hawezi. Unawekwa kwenye mfereji, pembeni unazibwa kwa matete. Tulipouinua ulikuwa na perege kadhaa na kambale mmoja mwenye hasira. Perege tulimla mchana kwa ugali. Kambale alipasuliwa, akapanda kichanjani kubanikwa.

Jioni mazungumzo yaliishia kwenye bwawa, kama yanavyoishia kila mahali bondeni. Bwawa la Julius Nyerere, lililo juu zaidi kwenye mto huuhuu, la umeme wa megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022. Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Wapo waliolilaumu bwawa, serikali ikasema ni mvua za mwaka ule. Mimi naona umeme ule tunauhitaji, tena nauandikia makala hii. Lakini tope lililokuwa likishuka bondeni sasa linatuama nyuma ya ukuta, na mto uliokuwa ukipanda kwa kalenda ya mvua sasa unapanda pia kwa kalenda ya mitambo. Babu hakulaani. Alitaka jambo moja: aambiwe mapema maji yatafunguliwa lini, ili ajue pa kutia mbegu.

Nilirudi kwa kupitia Nyamisati, maana nilitaka kuiona delta. Ni misitu mikubwa ya mikoko, na humo nako mtu hana kazi moja: kuvua kamba na kaa maji yakiruhusu, mpunga katikati ya mikoko msimu mto unapokuwa na nguvu ya kusukuma chumvi baharini. Maadui wa mpunga ule ni kaa, wanaokata miche michanga. Inahitaji safari yake yenyewe.

Ukienda, nenda Juni au Julai, njia zikiwa zimekauka. Beba sukari, majani ya chai na betri za tochi. Mchele usibebe.