Kijiji kilipotaka doria ya bunduki: nilivyolimaliza suala hilo nikiwa mtendaji

Nilikuwa afisa mtendaji wa kijiji mkoani Shinyanga wizi wa ng'ombe ulipopamba moto. Mkutano mkuu wa kijiji ukanitaka niandae sheria ndogo ya kuwaruhusu walinzi wetu wa sungusungu, yaani ulinzi wa jadi wa wanakijiji wenyewe, kutembea na bunduki usiku. Mtu aliyeamka akakuta zizi tupu huwezi kumtuliza kwa kumsomea vifungu. Lakini sheria ndogo ya kijiji haiwezi kutoa ruhusa ambayo sheria ya Bunge imeikataza, na hilo nililijua kabla sijasimama.

Sikupinga hoja kwa jumla, ningezomewa. Niliomba tuizungumzie bunduki mojamoja, mwenye nayo akiwepo: ni ya nani, na karatasi zake zinasemaje?

Tukaanza na shotigani ya mfanyabiashara wa pamba. Leseni ilikuwa hai, ila ina jina lake peke yake. Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inammilikisha mtu aliyechunguzwa, aliyetimiza miaka 25, naye haruhusiwi kuiazimisha. Nikauliza, akiugua siku ya zamu nani ataibeba? "Mwanawe," wakajibu. Mwanawe alikuwa kidato cha nne. Watu wakacheka, na mfanyabiashara akapata upenyo wa kusema lililokuwa moyoni: hataki risasi yenye jina lake ipigwe gizani na mtu mwingine.

Silaha ya mlinzi wa kinu cha pamba haikutuchelewesha. Ni mali ya kampuni, kwa ajili ya lindo lake. Akitoka nayo getini kwenda doria ya kijiji, yeye na kampuni wako matatani. Vijana waliopitia mgambo walinuna kidogo. Kujua kulenga shabaha hakumpi mtu silaha. Mgambo huishika anapokuwa kazini kwa amri, na kwa hilo kuna Mshauri wa Mgambo wa wilaya, si mimi wala mkutano.

Kazi ilikuwa kwenye gobore. Kijana mmoja aliachiwa na marehemu baba yake, mwindaji, akaamini limerithiwa kama shamba linavyorithiwa. Kumbe leseni ya marehemu haimfuati mtoto. Sikumuumbua mkutanoni. Nilikwenda kwa baba yake mdogo jioni, tukaongea kama watu wa nyumba moja, nikagundua familia ilikuwa inalijua tatizo siku nyingi. Waliogopa tu kwamba ukilipeleka kituoni unabaki huko huko. Bahati nzuri tulikuwa ndani ya kipindi cha kusalimisha silaha kwa hiari kilichotangazwa na Wizara ya Mambo ya Ndani, ambapo anayesalimisha hashtakiwi. Nilimpigia mkaguzi wa polisi wa kata, tukaongozana naye, kijana na baba yake mdogo. Likapokelewa, likaandikwa, wakarudi nyumbani wote wawili.

Kwa wazee, aliyenisaidia ni kamanda mstaafu wa sungusungu. Aliwakumbusha kwamba miaka ya 1980 mwanzoni, sungusungu ilipoibuka Usukumani na Unyamwezini, wezi walizidiwa kwa mwano, yaani yowe la kuitana, na umati uliotoka kwa mara moja, mikononi wana pinde. Na Bunge lilipoitambua mwaka 1989 liliipa uwezo wa kukamata. Mimi hata mishale ningependa ibaki nyumbani, kwa sababu mshale hauulizi jina. Hapo sikushinda.

Pamoja na pinde hizo, tukakubaliana filimbi, tochi, virungu, na orodha ya zamu yenye majina kamili, nakala moja kwa mkaguzi wa kata. Ndipo mama mmoja akauliza swali ambalo wanaume walikuwa wanalizunguka: "Mtendaji, wezi wakija na bunduki, tuwapulizie filimbi?"

Nikamjibu ndiyo, mkiwa mbali. Kazi ya doria si kupambana na mwenye bunduki. Ni kuamsha watu, kupiga simu kituoni, kuziba njia za kutokea na kufuata nyayo kukipambazuka. Ng'ombe hawakimbii kama pikipiki. Wiki iliyofuata tuliketi watendaji wa vijiji jirani, tukaandikiana: kijiji ambacho nyayo zimeingia ndicho kinachopokea ufuatiliaji, usiku au mchana, na kisipoonyesha nyayo hizo zilitokea wapi kuondoka kwake, kinatoa maelezo kwa polisi.