Mpira wa chukudu chini ya meza

Mara yangu ya kwanza kupiga muziki wa house mbele ya watu ilikuwa Jumamosi, tarehe 5 Aprili 2014, Birere mjini Goma, uani kwa jirani yetu aliyekuwa anatimiza miaka hamsini. Jumatatu ya wiki ile DJ wa house Frankie Knuckles alikuwa amefariki Chicago, na saa moja niliyopewa baada ya chakula nilikuwa nimeiweka kwa ajili yake. Nilimpenda kwa kazi aliyoanza mwaka 1977 katika klabu ya Warehouse. Alikuwa akikata utepe wa muziki na kuuunga upya, ili pale watu wanapochezea padumu zaidi.

Ua ule ni lava tupu ya volkeno ya Nyiragongo, ya Januari 2002, iliyoganda kwa mikunjo kama nguo isiyopigwa pasi. Meza ilisimama kwa miguu mitatu. Niliweka vichezeo vyangu viwili vya CD, mtumba vyote, nikaanza na mapigo 122 kwa dakika. Vijana wakaja. Walipoanza kukanyaga kwa nguvu, meza ikayumba, CD ikaruka, ikakwama kwenye mdundo mmoja, tatatata, kisha kimya.

Mama mwenye sherehe akasogea. "Mutoto, tuwekee seben. Hii haina hata guitare." Seben ni ile sehemu ya rumba ambapo magitaa hushika kasi na watu hucheza.

Machozi yalinilengalenga. Nilikuwa nimejifunza miezi minane kwa ajili ya saa ile.

Papa mmoja mtengeneza chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, ambaye hata jina langu hakulijua, aliinama akaitazama miguu ya meza, akatoka hadi getini. Akarudi na vipande vya tairi kuukuu, vile wanavyopigilia misumari kuzunguka magurudumu ya mbao. Akavikunja chini ya kila mguu, akatandika vingine chini ya vichezeo, akaubonyeza ubao kwa kiganja mpaka ukatulia. "Sasa piga, mutoto wangu."

Nilianza upya, polepole. Na maneno ya mama yalikuwa yamenikaa kichwani. Mtu wa kwetu huisikiliza rumba kwa subira, mwimbaji abembeleze weee, kwa kuwa anajua seben inakuja. House nayo ina mahali pake pa kusubiri, ila mimi nilikuwa napapita mbio kwa woga. Safari hii nikakata besi, nikaacha makofi na kinanda peke yake. Nikahesabu mapigo 32. Watu wakaanza kutazamana. Nikahesabu mengine 32, kidole kimeganda kwenye kitufe, jasho linanidondokea mkononi.

Nilipoirudisha besi, ua mzima ulipiga kelele. Mama alikuwa katikati, amefunga kitenge upya kiunoni, viatu amevishika mkononi juu ya lava ile yenye kukata. Saa yangu ilipokwisha, DJ mkubwa alikuwa tayari ameshika waya zake. Mama akamwambia, "Ngoja kwanza, papa. Mutoto arudishe ile ya kinanda."