Walimu wawili, nyumba moja

Barua ya kustaafu ilimfikia baba kwa wakati. Mafao hayakufika. Alikuwa ametimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima kwa mtumishi wa umma Tanzania, na tangu aajiriwe alikuwa hajawahi kulala chini ya paa lake mwenyewe. Alifundisha shule za msingi za vijijini. Kila alipohamishwa alipewa nyumba ya shule: vyumba viwili, sebule, jiko la nje.

Machi 2013 tulikuwa bado kwenye nyumba ya mwisho, mkoani Morogoro. Kwa taratibu za utumishi, mstaafu husafirishwa na mwajiri, yeye na familia na mizigo, hadi kwao. Kwao baba ni Kasulu, mkoani Kigoma. Tuliambiwa fedha za mizigo zinashughulikiwa. Lakini hata zingetoka siku hiyo hiyo, angefikia wapi? Shamba la babu wadogo zake walishagawana, nao walikuwa na wajukuu.

Jioni moja, mvua ikinyesha, Fuso lilisimama mbele ya nyumba. Akashuka mwalimu kijana wa ajira mpya na mkewe mjamzito, godoro lao limefungwa nailoni. Walikuwa wameambiwa nyumba iko tayari.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Baba alitazama lile godoro, akaelewa. Kijana naye akaelewa, akaanza kuomba radhi, akasema atatafuta chumba kijijini. Kijiji chenyewe hakikuwa na vyumba vya kupanga. Mama ndiye aliyeamua, akamwambia kijana: "Mwanangu, mvua hii, na mkeo yuko katika hali hiyo! Ingizeni godoro." Mimi nikaambiwa nitoe vitu vyangu chumba cha nyuma.

Tukaishi hivyo, familia mbili, jiko moja, mama na mke wa kijana wakipika kwa zamu. Hawakugombana hata siku moja, na sijui ni wangapi wangeweza. Kilichoniuma ni baba. Alianza kuomba ruhusa. Akitaka kuwasha redio ya taarifa ya habari, anauliza kwanza. Akitaka kukaa sebuleni, anabisha hodi, yeye aliyeipaka chokaa sebule ile kwa mikono yake. Kijana akamsihi, "Mzee wangu, hapa ni kwako." Baba akajibu, "Hapa si kwangu wala si kwako." Kisha akamuuliza, "Umeshanunua kiwanja?" Kijana alikuwa hajapokea hata mshahara wa kwanza.

Mafao yalipotoka, alilipwa nusu kwa mkupuo, yaani kwa mara moja, na iliyobaki kama pensheni ya kila mwezi, kama mfuko wake wa pensheni ulivyolipa enzi hizo. Akanunua kiwanja Dumila, huko huko Morogoro, akasimamisha vyumba viwili, akaezeka bati. Tulihamia kabla ya sakafu, madirisha tumeyaziba kwa maturubai. Mama alifagia vumbi lile kila asubuhi akiimba.

Ndiyo maana mjadala wa kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, ulinikuta tofauti na wengi. Mwaka 2018 mkupuo ulitakiwa kushuka hadi asilimia 25, walimu wakalia, na Desemba Rais Magufuli akausimamisha utaratibu huo. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Redioni walikuwa wakieleza uhai wa mifuko na urefu wa maisha ya mstaafu, na hoja hizo si za kupuuzwa. Ila mimi nilipiga hesabu kwa tofali na bati za Dumila: kwa asilimia 33, nyumba ya baba ingeishia kwenye linta. Pensheni ya kila mwezi ingemlisha, lakini paa halijengwi kwa pensheni ya mwezi. Mwaka 2024 serikali iliipandisha hadi 40 kwa watumishi wa kundi la baba, waliokuwa wakilipwa nusu. Hapo labda angefika kwenye kenchi.

Yule kijana alinunua kiwanja mtaa wa pili kutoka kwetu. Aliendelea kufundisha kule kule kijijini, akituma fedha kidogo kidogo kila alipopata, na baba ndiye aliyemsimamia mafundi.