Gesi isiyoungana na kitu

Nimetoka kwa fundi wa kuchomelea, mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, sasa hivi. Kava la injini ya pikipiki ya mdogo wangu lilipasuka jana, na bodaboda ndiyo riziki yake.

Fundi kafungua mtungi wa gesi ya argoni. Ssss...
Ndipo akaanza kuchomelea.

"Fundi, hiyo gesi ndiyo inayowaka?"
"Hapana kaka, hii haiwaki. Inazuia hewa isifike kwenye alumini iliyoyeyuka."

Kumbe! Na tunaivuta kila siku, maana karibu asilimia 1 ya hewa ni argoni.

Ulipopoa nikaupapasa ule mshono. Unang'aa kama fedha, hauna hata doa jeusi. Mdogo wangu kautazama kimya, halafu akatabasamu.

Mafundi mliomo humu, nyie mnaitumia wapi? Nielezeni.