Hawa ni Nani Kwetu?

Posa ya Fadhili imekwenda salama, alhamdulillahi. Wageni wa mtaa wa Kuze walikuja, wakala, wakashukuru, na nikaha itakuwa baada ya Idi. Hayo nitayaandika siku nyingine. Leo nina neno moja la shangazi ambalo limekataa kunitoka tangu Jumamosi asubuhi, na nisipoliandika sitalala.

Mnaopita humu kila mara mwaikumbuka ile picha ya wavunja mawe niliyoichapa kwa mashine kubwa ya kazini, nikaiwekea fremu na kuitundika sebuleni, juu ya kochi refu. Shangazi aliingia na chetezo chake na udi, akaikagua sebule yote, mapazia, vitambaa vya meza, akafika pale akasimama.

"Hino iondoe kabla watu hawajaja."

"Kwa nini, shangazi?"

"Watu watauliza, hawa ni nani kwetu."

"Si wetu. Ni Wafaransa wa zamani."

"Basi mbona wawaweka ukutani kama wazee wetu?"

Nikanyamaza. Si kwamba sikuwa na jibu, majibu yalinijaa mdomoni, lakini shangazi ndiye aliyetusomesha mimi na ndugu yangu Mishi kwa mbaazi na mahamri yake baada ya baba kufariki, na mtu kama huyo humjibu ukiwa umesimama mlangoni na ufagio mkononi. Aliishusha mwenyewe, akaisukuma nyuma ya kabati la vyombo, akaendelea kufukiza. Tangu hapo namjibu kila mahali. Nimemjibu kwenye matatu, nimemjibu mashine ikichapa mabango ya watu, nimemjibu nikiosha masufuria ya pilau. "Mbona wawaweka ukutani kama wazee wetu?" Kwa sababu, shangazi, mama alikaa timboni, kwenye machimbo ya mawe, akiponda kokoto miaka yote ile, na wewe wajua. Wewe ndiye uliyekuwa ukimletea chai.

Naamini hakukusudia ubaya. Alichelea watu wa Kuze wasije wakamtazama mama, wakaitazama picha, wakajumlisha. Alikuwa akimkinga. Lakini kunikata kumenikata, maana picha ile sikuitundika kwa sababu ya umaskini. Niliitundika kwa sababu ni mara yangu ya kwanza kuona mtu aliyeitazama kazi ile kwa heshima.

Aliyeichora ni Gustave Courbet, mwaka 1849. Aliwaona watu wawili kando ya barabara karibu na Ornans, mji aliozaliwa, wakivunja mawe ya kutengenezea njia, akawaomba waje katika chumba chake cha kuchorea. Mmoja ni mzee, amepiga goti, nyundo iko juu, kofia ya majani imemziba uso. Soksi zake zimetoboka, visigino viko nje ya viatu vya mbao. Wa pili ni kijana aliyetupa mgongo, shati limechanika, suruali imeshikiliwa na mkanda mmoja wa begani, amenyanyua kikapu cha mawe. Courbet aliandika katika barua kwamba kwenye kazi hii mtu huanza kama yule kijana na kumaliza kama yule mzee. Na turubai lenyewe lilikuwa na upana wa zaidi ya mita 2.5. Ilipoonyeshwa Paris, 1850 hadi 1851, wengi waliudhika, kwani walizoea kuona ukubwa ule wakipewa wafalme, watakatifu na vita. Nadhani hata wao walikuwa wakiuliza lile lile la shangazi.

Picha halisi haipo tena. Iliangamia 1945, wakati wa vita, karibu na Dresden. Zilizobaki ni nakala tu, na mojawapo ilikuwa nyuma ya kabati letu la vyombo.

Basi jana jioni nimetoka kazini, nimemkuta mama ameitoa mwenyewe. Ameiegemeza kwenye kochi, amevaa miwani, anaifuta vumbi kwa ncha ya leso. Hakunitazama.

"Huyu kijana ajua kubeba," akasema. "Waona goti lake? Kikapu amekikalisha pajani. Uzito hauendi mgongoni wote."

Nikakaa chini.

"Na huyu mzee, mpini wake mrefu. Sisi nyundo zetu zilikuwa fupi, tulikaa kitako. Mawe yao hawayafungi?"

Nikamwuliza kufunga vipi. Akanionyesha kwa vidole. Walikata mpira wa tairi wakaufanya pete, yenye kishikio, unalizungushia jiwe ndipo unaponda, chembe zisiruke. Pete yake ilikatika siku moja wakati lori linasubiri, akaponda hivyo hivyo, na ndiyo asili ya lile kovu chini ya jicho la kushoto. Kovu hilo nimeliona maisha yangu yote, na hadithi yake nimeisikia jana!

Tukaendelea hadi magharibi ikaadhiniwa. Alinieleza jinsi ya kulisikiliza jiwe la matumbawe kwa pigo la kwanza ukajua litapasuka wapi. Alinieleza nani alikuwa akipunja debe na nani alikuwa akijaza mpaka linamwagika. Akauliza mawe ya Wafaransa wale yalikwenda wapi, nikamwambia barabarani. "Yetu yalikwenda kwenye zege," akasema. "Yako kwenye maghorofa ya Nyali, hatujui ni lipi." Alisema huku ametabasamu na ameinua kidevu, na mimi nilifurahi kiasi kwamba yale majibu yangu yote kwa shangazi sikuyahitaji tena.

Nikashika nyundo na msumari niirudishe mahali pake. Mama akanizuia.

"Itundike chumbani kwangu, mkabala na kitanda. Sebuleni watu wapita tu."

Mimi ningependa ikae sebuleni, siku ya nikaha waione wote. Lakini nimeipeleka chumbani. Iko pale sasa, na amenifanya niishushe kidogo ili aione akiwa amelala.

Mishi bado hajajibu. Ujumbe niliomtumia Riyadh siku ya posa, pamoja na picha za Fadhili akiwa na kanzu mpya, una tiki moja mpaka sasa, na si kawaida yake kukosa habari kama hii. Mama nimemwambia simu yake ina matatizo. Kesho asubuhi kabla ya kufungua duka nitapitia kwa wakala aliyempeleka, anipe namba ya nyumba anayofanyia kazi.